Noti tano na mapengo yake: shajara ya mradi wetu wa gitaa na amadinda

Februari, Jumamosi jioni

Mradi ni huu: kabla mvua za masika hazijaisha, tuwe na kipande kimoja cha muziki kinachopigwa kwa gitaa, besi na amadinda (marimba ya mbao ya Waganda) pamoja, na kila mpigaji ajue kwa nini ameigusa noti aliyoigusa. Tuko wanne, wa tano bado tunamtafuta. Mimi napiga gitaa. Mpwa wangu naye ni wa gitaa, kijana wa sekondari, na vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu. Dada wa besi anaimba alto kwenye kwaya ya kanisa. Kaka yetu wa Bukavu amekulia kwenye sebene, gitaa la kuchezesha watu la muziki wa Kongo, na amplifaya ni yake. Tunafanyia mazoezi kwenye chumba nyuma ya duka hapa Nsambya, karibu na kambi ya polisi, na lugha ya chumba ni Kiswahili. Bila hicho kila mtu angerudi kwenye lugha ya kwao na kazi isingeenda.

Kiini cha yote ni skeli ya pentatoniki maina, ngazi ya noti ambazo wimbo unajengwa nazo. Kwanza ina noti tano tu. Pili, amadinda ya Waganda nayo ina noti tano katika oktava (kutoka noti moja hadi ile inayorudia jina lake juu), na kwa muda mrefu nimetaka kujua kama tano hizi na tano zile ni ndugu kweli. Tatu, vijana wengi wa gitaa hapa Kampala wanaijua skeli hii kwa mkono kabla ya kuijua kwa sikio. Wanapanda na kushuka kwa kasi, wimbo unaenda upande mmoja na solo upande mwingine. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya nianze kuandika haya.

Jumanne usiku

Nimemwomba mpwa wangu aliweke kando umbo analolijua. Ni lile lile la kila mpiga gitaa (freti ni vyuma vinavyoigawa shingo ya gitaa, na uzi wa sita ndio mnene kabisa): freti ya 5 na ya 8 kwenye uzi wa sita, ya 5 na ya 7 kwenye wa tano, wa nne na wa tatu, kisha 5 na 8 tena kwenye wa pili na wa kwanza. Hiyo ni pentatoniki ya A maina. Ni umbo zuri, linakaa mkononi bila taabu, na ndiyo maana mkono ukishalizoea sikio linakosa kazi.

Leo amepiga uzi wa tano peke yake. Uzi wazi, A. Freti ya 3, C. Ya 5, D. Ya 7, E. Ya 10, G. Ya 12, A ya juu. Kwenye uzi mmoja jicho linaona kile ambacho umbo linakificha: mkono unaruka freti tatu, kisha mbili, mbili, tatu, mbili. Ukijumlisha unapata 12, oktava kamili. Katika mapengo hayo matano, mawili ni mapana kuliko mengine: la kutoka A kwenda C, na la kutoka E kwenda G. Nimemwambia apande na kushuka akizitaja namba hizo kwa sauti, tatu, mbili, mbili, tatu, mbili, mpaka zimkae mdomoni.

Baada ya muda akaacha kutaja namba, akaanza kuteleza kutoka noti hadi noti, akasimama kwenye E, akarudi D, akashuka hadi A.

"Mjomba, mbona sasa inaimba?"

Inaimba kwa sababu anaona umbali. Mwimbaji hana freti. Anachokijua ni kwamba noti ijayo iko karibu au iko mbali. Uzi mmoja unampa mpiga gitaa hisia hiyo hiyo.

Tukamalizia na swali lake: noti nyingine zimekwenda wapi? A maina ya kawaida ina saba: A, B, C, D, E, F, G. Pentatoniki imeziacha B na F. B iko nusu toni tu, yaani freti moja, kutoka C, na F iko nusu toni kutoka E. Ukiziondoa hizo mbili, katika skeli nzima hakuna noti zinazobanana kwa nusu toni. Tena B na F zenyewe kwa zenyewe zina mvutano mkali, toni tatu kamili, na mvutano huo nao umeondoka. Ndiyo sababu anayeanza akigusa noti yoyote ya skeli hii haichomi sana. Wepesi huo una bei yake, na bei tutaikuta kwenye kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja.

Alhamisi

Dada wa besi hasomi freti, anasoma solfa, kama wanakwaya wengi wa Uganda. Nilijiandaa kumweleza kwa muda mrefu, yeye akanikatisha: "Kaka, ni la, do, re, mi, so. Basi." Akaimba, akatulia kwenye la, na chumba kizima kikasikia maina. Halafu akaziimba noti zile zile akitulia kwenye do: do, re, mi, so, la. Papo hapo ikawa meja, ikachangamka. Noti ni tano zile zile, lakini nyumbani pamehama.

Kwa wasiotumia solfa: A, C, D, E, G ukizianzia C na kuzimalizia C unapata pentatoniki ya C meja. Kinachotofautisha ni noti ambayo sikio limekubali kuwa ni nyumbani, na anayeliambia sikio hivyo ni zaidi ya yote besi. Kwa hiyo dada ana uzito katika mradi huu kuliko wapiga gitaa wawili tukijumlishwa. Akikaa kwenye A, nikipiga A, C, D, E, G nasikika mwenye huzuni. Akihamia C bila kunitaarifu, vidole vyangu vile vile vinasikika vya furaha. Tumelifanya hilo mara nyingi leo, na kila mara mpwa wangu alicheka kwa mshangao.

Jumamosi

Leo tumefanya kodi, na hapa nitaandika kwa urefu.

Tumechukua mzunguko unaosikika sana makanisani na redioni: A maina, F, C, G. Mtaani utaambiwa pentatoniki ya A maina inafaa juu ya zote nne. Ni kweli kwa maana ya kwamba hutafukuzwa jukwaani. Tuliyoyaandika ubaoni kwa chaki ni haya. Kodi ya A maina ni A, C, E. Zote zimo kwenye skeli. Kodi ya C ni C, E, G, zote zimo. Kodi ya F ni F, A, C. A na C zimo, F haimo. Kodi ya G ni G, B, D. G na D zimo, B haimo. Maana yake, kila kodi inakupa angalau noti mbili za kutulia, lakini si mbili zile zile. Anayepanda na kushuka umbo bila kusikiliza anazipita noti hizo au anatua kwingine, kisha anashangaa mbona solo lake halishikani na wimbo.

Zoezi la kwanza: kodi ikibadilika, piga noti moja tu, kisha nyamaza hadi kodi ijayo. Mpwa wangu alisumbuka na ukimya huo kuliko alivyowahi kusumbuka na kasi. Zoezi la pili ni nililopenda zaidi: shika A moja, iache ilie juu ya kodi zote nne. Juu ya A maina ni mzizi wenyewe, imetulia kabisa. Besi ikihamia F, A hiyo hiyo inakuwa ya tatu ya kodi, inapata joto. Juu ya C inakuwa ya sita, nyepesi, ya kuelea. Juu ya G inakuwa ya tisa, inaning'inia na kutamani kwenda. Mkono haujasogea hata kidogo. Nimemwomba afumbe macho na aseme kodi ipi imefika kwa kusikiliza tu rangi ya A yake. Mwisho wa mazoezi alikuwa anazitaja bila wasiwasi.

Zoezi la tatu ni noti za kuwa nazo makini. C juu ya kodi ya G inakwaruza, kwa sababu ndani ya kodi kuna B, nusu toni tu chini yake. Ipite, usilale juu yake. E juu ya kodi ya F nayo inakwaruza na F iliyomo, lakini mkwaruzo huo kwa sikio langu ni mtamu, una majonzi ya jioni. Naukubali, tena nautafuta. Kaka wa Bukavu haukubali. Tumeachia hapo.

Kisha nikaibadilisha kodi ya mwisho: badala ya G nikapiga E7, ambayo ni E, G kali (G iliyopandishwa nusu toni), B na D. Hapo wepesi wa skeli ukadai bei yake. G ya pentatoniki ikagongana na G kali ya kodi, na wote wakakunja uso. Dawa ni mbili. Moja: wakati wa E7 iache G kabisa, tulia kwenye E au D, ambazo zote zimo ndani ya kodi. Mbili: kwa muda wa kodi hiyo tu ipandishe G freti moja, kisha ruka kwenda A kodi ya A maina inaporudi. Ya pili ni nzuri zaidi, maana masikio yote yanaisubiri A hiyo ifike.

Jumatatu

Umeme ulikatika alasiri. Tumepiga bila amplifaya, solfa na magitaa makavu. Nimegundua kitu nilichokuwa nakipita kila siku: nyuzi wazi za gitaa lililotuniwa kawaida, E, A, D, G, B, E, ni noti tano za pentatoniki ya E maina, hakuna inayokosekana na hakuna ya ziada. E, G, A, B, D. Ukipitisha kidole gumba juu ya nyuzi zote bila kubonyeza popote umeshapiga skeli nzima. Nimeliandika hili pembeni, nahisi tutalihitaji.

Ijumaa, mwanzo wa Machi

Zamu ya kaka wa Bukavu. Muziki wetu mwingi wa dansi ni wa meja, na kijana aliyejifunza pentatoniki maina peke yake akiwekwa kwenye sebene ya A meja anapiga freti ya 5 kwa mazoea na kuuharibu ukumbi. Kaka alionyesha njia fupi. Lichukue umbo lile lile, lishushe freti tatu, lianzie freti ya 2. Sasa ni F kali maina, ambayo noti zake ndizo za A meja: A, B, C kali, E, F kali. Nyumbani pako sasa hapako chini ya kidole cha shahada. Pako chini ya kidole kidogo, uzi wa sita freti ya 5. "Usibadilishe vidole, badilisha unapotulia," alisema, na dada wa besi akaitikia kwa kichwa kwa sababu ni jambo alilolionyesha kwa kuimba.

Halafu akapiga sebene yenyewe, noti mbili mbili kwa pamoja, na nikaona kuwa pentatoniki kwake ni mifupa tu. Nyama anaijaza kwa noti za tatu na za sita zinazotembea sambamba. Skeli haimfungi. Anajua noti tano za kutulia, na kati yake anapita popote.

Jumatano

Kuvuta nyuzi. Hili nimelifanya na mpwa wangu peke yake, polepole. Uzi wa tatu, freti ya 7, ni D. Kidole cha pete kinabonyeza, cha kati na cha shahada vinakaa nyuma yake kusaidia kusukuma, kidole gumba kinaning'inia juu ya shingo ya gitaa kupata nguvu. Sukuma uzi kuelekea juu hadi D iwe E. Utajuaje umefika? Uzi wa pili freti ya 5 ni E. Piga hiyo kwanza, iweke sikioni, kisha vuta D hadi zifanane. Zikikaribiana bila kufikiana utasikia sauti inatetemeka, ile ya mawimbi mawili yanayopigania nafasi. Endelea kusukuma hadi tetemeko lipungue na kukoma. Kazi yote ni hiyo, na haina njia ya mkato.

Baada ya hapo nikampa pengo pana la A na C. C ya uzi wa kwanza, freti ya 8: isukume kidogo sana, chini ya nusu toni. Si C tena, na C kali bado. Juu ya kodi ya A7, ambayo ndani yake ina C kali, noti hiyo ya katikati ndiyo roho ya bluzi ya Wamarekani Weusi. Kuna pia noti ya sita wanayoiongeza, E iliyoshushwa nusu toni, uzi wa tano freti ya 6 au uzi wa tatu freti ya 8. Hiyo ni ya kupitia tu, ukilala juu yake inanung'unika. Lakini noti ya sita ni pambo. Uhai uko ndani ya mapengo mapana, mahali ambapo sauti ina nafasi ya kutembea.

Jumapili alasiri

Tumempata wa tano. Ni mzee wa upande wa Mukono, anafahamiana na baba ya dada wa besi, na Kiswahili chake ni cha miaka aliyofanya kazi reli. Alifundishwa amadinda na mjomba wake aliyekuwa akipiga kwenye Lubiri ya Mengo, ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Lubiri iliposhambuliwa mwaka 1966, na falme kufutwa 1967, wapigaji wa Kabaka walitawanyika. Mjomba huyo alirudi kijijini na kuwafundisha watoto wa ukoo. Falme ziliporudishwa 1993 hakuwapo tena. Mzee anamtaja kwa heshima, na anamtaja pia Evaristo Muyinda, mpigaji wa Kabaka aliyefundisha watu pale Uganda Museum, kwa kuwa bila watu kama yeye, anasema, wengi wasio wa ikulu wasingejua pa kuanzia.

Amadinda yake ina mbao 12, zimelazwa juu ya migomba miwili, na vijiti vimechomekwa kati ya ubao na ubao zisisogee. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana. Wa kwanza anapiga mstari wake, kila noti pamoja na oktava yake. Wa pili anaingiza noti zake katikati ya zile za kwanza, sawasawa kabisa, na mistari miwili inakuwa mmoja wa kasi ambao hakuna mkono mmoja ungeuweza. Wa tatu ana mbao mbili za juu tu, na anachomoa kutoka kwenye mchanganyiko huo wimbo ambao hakuna aliyeupiga peke yake. Mzee alikuja na wajukuu wake wawili. Walipoanza, sisi wa gitaa tulikaa kimya muda mrefu.

Kisha tukajaribu kuungana, na mapengo yakajitokeza. Nilipiga A, C, D, E, G nikianzia ubao uliokuwa karibu na A yangu, na C yangu ikakaa juu mno, kwa wazi, G nayo juu. Mzee alitabasamu: "Mwanangu, gitaa lako limeruka mahali ambapo sisi tunatembea."

Ameeleza kwa maneno machache jambo ambalo watafiti kama Klaus Wachsmann na Gerhard Kubik walilipima. Gitaa linagawa oktava katika nusu toni 12 za senti 100 kila moja, jumla 1200. Mapengo ya pentatoniki maina kwa senti ni 300, 200, 200, 300, 200. Mapengo ya amadinda yako karibu kulingana, na 1200 ukiigawa kwa tano ni 240. Hayalingani kwa usahihi wa mashine, kila fundi ana sikio lake, lakini huko ndiko yanakoelekea. Kwa hiyo ukianza pamoja kwenye A, C ya gitaa iko juu kwa senti 60, D juu kwa 20, E chini kwa 20, G juu kwa 40. Senti 20 sikio linasamehe. Sitini halisamehe.

Na hapo swali langu la Februari likapata jibu: ni ndugu, lakini wa mama tofauti. Tabia ya pentatoniki maina imo kwenye kutolingana kwa mapengo. Ukihamisha wimbo noti moja juu ndani ya skeli, mapengo yanabadilika mpangilio na wimbo unageuka sura. Kwenye amadinda Mzee anahamisha wimbo mzima ubao mmoja juu, kisha mwingine, hadi nafasi tano, na Waganda wanaziita miko. Wimbo unabaki ule ule, umevaa sauti nyingine. Alituonyesha zote tano. Kwa gitaa la kawaida hilo haliwezekani.

Kaka aliuliza kwa adabu kama mbao zingeweza kuchongwa kidogo zilifuate gitaa. Zinachongeka: ukiuchonga ubao katikati kwa chini sauti yake inashuka, ukiuchonga kwenye ncha inapanda. Mzee alikataa, na nakubaliana naye kabisa. Chombo hiki kimetuniwa na masikio ya watu watatu wa ukoo wake. Sisi ndio wenye vishikio vya kuzungusha.

Jumanne, usiku wa manane

Nimekaa na penseli. Nyuzi wazi za gitaa ni noti tano za pentatoniki ya E maina. Tuliliona siku umeme ulipokatika. Basi kila uzi unaweza kupewa ubao wake. E inabaki. G inashuka senti 60. A inashuka 20. B inapanda 20. D inashuka 40. Hakuna uzi unaohamishwa hata toni moja, kwa hiyo hakuna hatari ya kukatika.

Halafu nikapanga umbali kutoka uzi hadi uzi, kuanzia ule mnene: 0, 480, 960, 1440, 1920, 2400. Nilihesabu tena kuhakikisha. Kila uzi uko senti 480 juu ya uliotangulia, yaani mbao mbili juu, na tano mara 480 ni 2400, oktava mbili kamili. Kwenye gitaa la kawaida kuna mahali ngazi inavunjika, kati ya uzi wa tatu na wa pili, ndiyo maana maumbo yanapinda yakifika hapo. Hapa mvunjiko umetoweka.

Tena: kwa kuwa mapengo yanalingana, freti zinazofaa ni zile zile kwenye kila uzi. Ya 12, sawa kabisa. Ya 5 ni senti 500, inatakiwa 480. Juu kwa 20, inasameheka. Ya 7 ni 700, inatakiwa 720. Sukuma uzi kidogo. Ya 2 ni 200, inatakiwa 240. Sukuma zaidi kidogo. Ya 10 iko juu kwa 40, na noti iliyo juu huwezi kuishusha kwa kusukuma, kwa hiyo tunaiacha. Zoezi la kuvuta nyuzi hadi tetemeko likome limepata kazi yake.

Besi ya nyuzi nne ni E, A, D, G, kwa hiyo hesabu ni hiyo hiyo. Nimemtumia dada ujumbe. Amejibu saa hiyo hiyo, kumbe naye hajalala.

Jumamosi

Hesabu ilikuwa ya kuanzia tu; amadinda ya Mzee ina mbao zake mbili zinazokwenda njia yao. Tumechagua ubao ulio karibu na E yetu, tukatuni uzi wa sita kwake, kisha kila uzi kwa ubao wake. Programu ya simu haikusaidia sana kwa kuwa sauti ya ubao inakufa haraka. Mjukuu wa Mzee aligonga ubao mmoja mfululizo, mpwa wangu akazungusha kishikio hadi sauti mbili zikakaa pamoja. Uzi wa tatu ulichukua muda mrefu kuliko mingine yote, ule wa senti 60. Sikio lake lilikuwa linaurudisha kwenye G ya redio. Mzee alimwambia auimbe kwanza. Akauimba, akaupata.

Mpangilio tuliokubaliana: hakuna kodi za tatu, maana hapa hakuna meja wala maina, pengo la 240 na lile la 480 haviingii kwenye boksi lolote kati ya hayo. Kaka wa Bukavu, mtu wa noti mbili mbili, amekubali kupiga oktava tu, na mkono wake wa kulia umeleta mdundo ambao wajukuu wa Mzee waliushika mara moja. Dada anakaa kwenye nyuzi wazi na freti ya 12. Mimi na mpwa wangu tumegawana kazi kama wapigaji wawili wa amadinda: noti yangu, noti yake, yangu, yake. Sehemu ya katikati magitaa yote mawili yanarudi kwenye pentatoniki maina ya kawaida juu ya besi peke yake, amadinda ikiwa imenyamaza, ili msikilizaji asikie mapengo mapana yakifunguka. Tunabeba magitaa mawili kila mmoja kwa ajili ya sehemu hiyo, na moja kati yake tumeazima.

Jumapili, Aprili

Tumerekodi raundi nzima kwa simu mbili, moja karibu na amadinda na nyingine karibu na amplifaya. Mwingilio wa amadinda baada ya sehemu ya katikati bado unachelewa. Wajukuu wanahitaji ishara, na dada atawapa kwa noti ya chini kabisa ya besi, mapigo manne kabla. Magitaa yanashuka tuni chumba kikipata joto, kwa hiyo ratiba mpya ni kutuni kwa ubao kila baada ya wimbo. Mzee ameomba kipande kihamishwe ubao mmoja juu katika mzunguko wa mwisho. Tumejaribu: sisi tunahama kutoka nyuzi wazi kwenda freti ya 2 tukisukuma, wote kwa pamoja, na kinawezekana. Mpwa wangu ndiye atakayeongoza uhamisho huo. Mazoezi yajayo ni Alhamisi saa kumi na moja, kila mtu aje na uzi wa tatu wa akiba.